Mama, nimeandika jina la marehemu kwenye daftari la Diakonia

Bwana Yesu asifiwe mama, na shikamoo. Naomba usitaje jina langu wala usharika wetu, we sema tu ni mama mmoja wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, huku Kilimanjaro, tuko wengi hawatanijua.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya Diakonia hapa usharikani tangu 2021. Kwa wasioijua, ndo ile huduma ya kutembelea wagonjwa, wajane, wazee wasio na mtu, watoto waliobaki na bibi zao, tunawapelekea unga, maharage, sabuni, saa nyingine nauli ya kwenda hospitali. Nilipoanza tulikuwa na kaya 14. Niliipenda hii kazi mama, kwa kweli niliipenda, nikitoka kumwogesha mgonjwa nilikuwa najisikia nimetoka ibadani.

Sasa Januari 2025 Marekani waliposimamisha ile misaada yao mume wangu alikuwa dereva wa mradi mmoja wa afya, anawapeleka wauguzi vijijini kufuatilia watu wanaotumia ARV. Wakaambiwa kaeni nyumbani msubiri, wakasubiri, mwezi wa tatu wakaitwa kuchukua barua. Miaka tisa kazini. Na sio yeye peke yake, hapa usharikani tu nahesabu kaya saba zilizokula kwa miradi ile ile ya wafadhili, na hao ndo walikuwa watoaji wetu wakubwa, kwa hiyo sadaka ikashuka na orodha yangu ikapanda kwa wakati mmoja. Sa hivi nina kaya 37. Baraza la wazee likakaa likasema jengo lisisimame maana tumeshafika kwenye lenta na mvua zitaharibu kazi, Diakonia ipewe kitakachobaki. Kitakachobaki mama ni gunia moja na nusu la mahindi kwa mwezi na maharage debe mbili, zikizidi sana tatu.

Kwangu nina genge hapo mbele ya nyumba, nyanya, vitunguu, mchicha, ila mtaji tumeula kidogo kidogo mpaka umebaki wa kununua nyanya za siku moja. Watoto watatu, mkubwa yuko form one na mchango wa chakula cha shule nadaiwa. Mume wangu siku hizi haongei. Jumuiya ameacha kuja tangu walipoanza kusoma majina ya ambao bahasha zao za ahadi hazijarudi, na siku moja akaniambia, unalisha kata nzima na wanao wanalala na uji wa chumvi.

Sasa hili ninalotaka kukwambia sijamwambia mtu. Jumamosi moja ya mwezi wa nane tuligawa mpaka saa kumi na moja jioni, wenzangu wakaondoka, nikabaki kufagia ofisi ya usharika. Kwenye gunia kulikuwa kumebaki maharage kama sado moja na ushee, na nyumbani nilijua hakuna kitu. Nikachukua sado nikapima, nikasawazisha juu kwa kiganja kama ninavyompimia mtu yeyote, nikafunga kwenye mtandio. Alafu nikafungua daftari nikaandika jina la bibi mmoja. Yule bibi tulimzika mwezi wa sita, mimi ni mmoja wa waliomwosha. Alikuwa hajui kusoma, alikuwa anaweka dole gumba. Nikachovya dole langu kwenye wino nikaweka pale pa kwake.

Watoto walikula wakashiba. Mume wangu akauliza yametoka wapi, nikasema nimekopa.

Tangu siku ile Chakula cha Bwana kimeandaliwa mara mbili sijashiriki, ya kwanza nilisema naumwa, ya pili nilitoka kabla nikajifanya naangalia watoto wa sunday school. Na kuna dada mmoja wa jumuiya yetu alishawahi kusema mbele za watu kwamba unga wa Diakonia siku hizi unanenepesha, alisema hivyo kabla hata sijachukua kitu, niliumia sana, sasa nawaza kwamba alichosema nimekitimiza mwenyewe. Binti yangu anapata kipaimara mwezi wa kumi na mbili. Nikienda kwa mchungaji nikatengwa na kusimamishwa mbele ya watu, mtoto wangu atavaaje lile gauni jeupe mama? Nimefikiria niandike tu barua kwamba afya yangu sio nzuri niache huduma, waendelee na mwingine. Nifanyeje?

Mama wa Diakonia, Kilimanjaro

*

Marahaba mwanangu, Amen, asifiwe sana. Nimekusoma usiku, nikaweka simu pembeni, alfajiri nikakusoma tena. Mimi nimekuwa mzee wa kanisa vipindi vitatu na hilo daftari nimelishika kwa mikono yangu, najua ile harufu ya ofisi ya usharika Jumamosi jioni, vumbi la unga na magunia matupu, na najua inavyokuwa watu wote wameondoka na wewe una njaa. Kwa hiyo nakujibu kama mtu anayekufahamu.

Hiyo barua ya afya usiiandike. Ukiondoka leo daftari linabaki pale pale, atakayekuja ataanza kulifungua nyuma ajue nani anapata nini, na kwenye usharika wa kijijini kila mtu anajua nani kafa lini. Siku atakapokuta bibi aliyezikwa mwezi wa sita amechukua maharage mwezi wa nane utakuwa umeshaondoka, na kuondoka kwako ndo kutakuwa ushahidi wao. Hapo hata ukisema ilikuwa sado moja nani atakusikia, watakuhesabia kila gunia tangu 2021. Leo bado unayo nafasi ya kusema wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hujaulizwa. Usiipoteze.

Na nakuomba utenganishe mambo mawili ambayo naona umeyafunga kwenye mtandio mmoja. Watoto wako kula maharage ya kanisa, hilo mimi sioni dhambi yake iko wapi. Baba hana kazi, mtaji umekwisha, watoto wanakunywa uji wa chumvi, niambie katika zile kaya 37 ni ngapi zina shida kuzidi hiyo. Wewe umewaandika watu kwenye orodha kwa sababu ndogo kuliko hizo, nina hakika. Kinachokuuma ni lile dole. Umetumia jina la mtu uliyemwosha kwa mikono yako kwa sababu jina lako mwenyewe uliona aibu kuliandika, na hapo ndipo palipo na kosa, na kosa ni kosa, sitakubembeleza kwamba sio. Lakini ona limetoka wapi. Limetoka kwenye kuamini kwamba anayegawa hatakiwi kuhitaji.

Nikuambie kitu. Mimi nimekulia Dodoma, na ile njaa ya mwanzo wa miaka ya 1980 naikumbuka, tulikuwa tunakula ule unga wa njano wa msaada, watu waliuita yanga kwa sababu ya rangi za timu, ugali wake ukipoa unakuwa mgumu kama tofali. Mama yangu alikuwa mmoja wa kinamama waliokuwa wanapima kanisani kwetu. Alikuwa na bakuli la bati, anapima tangu asubuhi, akifika mwisho anampa bakuli mwenzake, anavua kile kitenge cha kazi, anachukua kapu lake, anazunguka anaenda kusimama mwisho wa foleni mbele ya macho ya watu wote, anapimiwa na yeye, jina lake linaandikwa na mkono wa mtu mwingine. Nilikuwa mdogo nikamuuliza kwa nini usichukue tu kabisa ukimaliza, akaniambia anayepima hajipimii. Sikuelewa mpaka nilipokuwa mtu mzima na mimi nikapewa bakuli.

Kwa hiyo fanya hivi. Katikati ya wiki, siku isiyo na vikao, nenda kwa mchungaji. Usimpigie simu ukaanza kuzunguka mbuyu, mwambie tu nina neno nataka kuungama, kwa maneno hayo hayo, ili ajue amekaa kwenye kiti gani. Maungamo ni siri na mchungaji amefungwa na siri hiyo. Nenda na daftari. Fungua ukurasa, weka kidole pale kwenye dole, sema hili ni langu, nilichukua sado moja ya maharage kwa ajili ya watoto wangu nikaandika jina la marehemu. Basi. Usianze na kazi ya mume wala Marekani wala lenta, hayo yatakuja baadaye akikuuliza, ukianza nayo yatakuwa kama unajitetea na wewe hukwenda kujitetea.

Kuhusu kutengwa, ninavyojua mimi nidhamu ya kanisa ipo kwa ajili ya kumrudisha mtu kundini, na wewe unakuja umesharudi kwa miguu yako mwenyewe. Siwezi kumsemea mchungaji wako. Lakini nimekaa kwenye baraza la wazee miaka mingi, na nimeona jinsi mtu aliyekuja mwenyewe anavyopokelewa na jinsi aliyekamatwa anavyopokelewa, havifanani hata kidogo. Na hata kama ataona ni vizuri upumzike huduma kwa muda, pumzika, umechoka mwanangu, barua yako yote inapumua kwa shida. Eliya alipokimbia akalala chini ya mti akaomba afe, malaika hakumsomea makosa yake, alimletea mkate na maji akamwambia inuka ule, na akamwacha alale tena kabla ya kumwamsha mara ya pili.

Daftari usichane ukurasa. Nakusihi sana. Piga mstari mmoja juu ya lile jina ambao bado unaonyesha kilichoandikwa chini yake, andika pembeni jina lako, sado moja ya maharage, tarehe ya siku hiyo ya kusahihisha, uweke saini na mchungaji aweke yake. Kama moyo wako unataka kurudisha yale maharage rudisha kwa bei ya sokoni, taratibu kutoka kwenye genge, usikope kwa ajili hiyo, maana utakuwa umetoka shimo moja umeingia lingine.

Alafu hapo hapo mbele yake, omba kaya yako iandikwe. Ya 38. Najua hapa ndipo patakuwa pagumu kuliko kuungama, mimi nakwambia kabisa utaona ni afadhali utubu dhambi tatu kuliko kusema mchungaji na sisi kwetu hakuna chakula. Sema. Orodha isisomwe kwenye matangazo, hiyo ni haki ya kila mtu aliyemo na sio yako peke yako, ila ukifika siku ya kugawa uzunguke na kapu lako kama wengine.

Sasa mfumo wenyewe, maana wewe hukuanguka tu, uliachwa peke yako na gunia lililofunguliwa, daftari na wino, jioni, na njaa. Hata awe nani. Mitume walipoona wajane wengine wanasahauliwa kwenye mgawo wa kila siku walichagua watu saba, soma Matendo 6, hawakumtafuta mama mmoja mwenye moyo mzuri wakamwachia funguo. Na Paulo alipokuwa anapeleka mchango wa Yerusalemu aliwaeleza Wakorintho, iko sura ya 8 ya waraka wa pili, kwamba anatuma na ndugu wengine waende pamoja ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya hizo fedha. Paulo huyo! Kama yeye alitaka watu wa kumsindikiza, wewe na mimi ni nani. Pendekezeni wawe watatu, mmoja apime, mmoja aandike, wa tatu ashike ufunguo na asiwe mmoja wa hao wawili, na hakuna anayebaki na gunia peke yake hata dakika ya kufagia. Kwenye matangazo ya mwisho wa mwezi isomwe tu, yameingia magunia kadhaa, yametoka kadhaa, yamebaki kadhaa, bila jina la mtu. Na yule dada aliyesema unga unanenepesha, mpendekeze yeye awe mmoja wa hao watatu. Sikutanii. Asimame apime kuanzia saa nne mpaka saa kumi na moja, amwone yule mzee anayekuja na kifuko cha chumvi kwa sababu ndicho chombo pekee alicho nacho. Mtu mwenye jicho kali namna ile anafaa sana kushika daftari.

Naomba niongee kidogo na wazee wa kanisa, maana najua mnasoma hapa. Wapendwa, lenta haina njaa. Mimi pia nimejenga kanisa, nimebeba mchanga kichwani, najua uchungu wa kuona ukuta umesimama mvua mbili bila bati. Funikeni juu ya kuta kwa karatasi za nailoni, wekeni mawe, patasubiri. Mtoto hasubiri. Na kama mnaogopa mkisimamisha jengo watu watapoa, chukueni ule mnada wa baada ya ibada, zile ndizi na mayai na kuku ambao mtu ananunua kwa bei mara tatu anarudisha wauzwe tena, Jumapili moja tu kila mwezi iwe ya Diakonia, mtangaze wazi, mtashangaa. Ila hii ya kusoma majina ya bahasha kwenye jumuiya acheni, acheni kabisa. Nani kawaambia mtu aliyefukuzwa kazi mwezi wa tatu anahitaji kusikia jina lake likisomwa mwezi wa tano kati ya nyimbo mbili? Ahadi aliiweka akiwa na mshahara. Jumuiya ilitakiwa kuwa ya kwanza kugonga mlango wake kuuliza mnaendeleaje, badala yake ndo imekuwa mahali anapopakwepa. Tumeni kwake wazee wawili wanaume, bila daftari, wakae nje wanywe chai ya rangi waongee habari za shamba. Ahadi itazungumzwa siku yake.

Mwanangu, mumeo. Kwanza mwambie ukweli wa yale maharage kabla hujaenda kwa mchungaji, asiusikie njiani. Anaweza kukasirika, anaweza kulia, wanaume wengi wakiona mke ameingia aibu kwa ajili ya chakula wanajiona wao ndo wameiba. Kaa naye tu. Yale maneno ya kulisha kata nzima usiyashike, hayo ni ya mtu aliyezoea kuleta na sasa hana cha kuleta.

Pili, umesema alikaa miaka tisa kwenye mradi, na umesema alipewa barua, maana yake aliachishwa hakuacha. Muulize kama walikuwa wanamkata NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Kuna fao la kukosa ajira, watu wengi hawalijui, ni kwa mwanachama aliyepoteza kazi bila kujiuzulu na mwenye michango isiyopungua miezi 18, analipwa theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi 6. Na kama mkataba ulikatishwa kwa kupunguza wafanyakazi sheria ya kazi ina kiinua mgongo, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika mpaka miaka 10, aangalie kwenye ile barua kama kililipwa. Achukue barua, kitambulisho na namba yake ya uanachama aende ofisi ya NSSF ya mkoa, aulize dirishani, asikae nyumbani akajijibu mwenyewe kwamba muda umepita. Na wale wa zile kaya saba waende pamoja naye. Wanaume wakiwa saba kwenye daladala moja kuna kitu kinarudi.

Mchango wa chakula wa huyo mkubwa wa form one nenda ukamwone mkuu wa shule umweleze, shule nyingi zinapokea mahindi au kuni badala ya hela, na hata akikataa atakuwa anajua mtoto ni wa nani kabla hajamtoa kwenye mstari.

Kipaimara. Umeniuliza atavaaje gauni jeupe. Gauni lishone au azima kwa mtu, kinamama wa usharika wanayo kwenye masanduku yamekunjwa tu. Wewe una wiki za kutosha kati ya sasa na mwezi wa kumi na mbili, na siku ile akienda madhabahuni kupokea kwa mara ya kwanza wazazi huwa wanashiriki pia. Ndo maana nataka uende wiki hii, sio mwezi ujao. Jumatano ni siku nzuri. Jumanne usiku ongea na mumeo, asubuhi chukua daftari ufunge kwenye ule ule mtandio uende, na ukitoka kwa mchungaji niandikie, hata iwe usiku nitakuwa macho.